Tume ya Kulinganisha Filamu na Kitabu Changu

Kuanzia Jumatatu ile, tulitangaza rasmi, yaliyopita yote ya mji wa Bujumbura yangekuwa na toleo moja tu. Tangazo nililisaini mimi, Valéry, mkurugenzi wa Ofisi ya Ulinganifu wa Historia.

Chanzo kilikuwa Chanelle, mwanafunzi wa mtaa wa Mutanga Sud, aliyetengeneza filamu ya dakika kumi na mbili kuhusu mafuriko ya mtaa wa Mutakura. Mimi nilikuwa nimeshaandika kitabu cha kurasa mia tatu kuhusu mafuriko hayohayo. Ukurasa wa arobaini unasema: "Mkurugenzi aliongoza uokoaji akiwa mahali palipoinuka." Katika filamu, mahali palipoinuka ni mgongo wa fundi wa kushona, Mama Daphrose. Mwigizaji anayeniigiza ana kitambi, ameshika viatu mkononi, na anatoa amri kwa kunyoosha kiatu cha kushoto.

Tukaunda tume. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Katibu, Rénovat, aliyekuwa amekisoma kitabu changu hadi mwisho wa jalada. Chanelle akajitetea kwamba kamera huonyesha jambo lilivyokuwa. Nilimweleza kwa upole kwamba kitabu huonyesha lilivyostahili kuwa, ndiyo maana kina mhuri.

Ili kumaliza ubishi nikamwita Mama Daphrose mwenyewe aitazame filamu. Nilijua angeona haya kumwaibisha mkubwa. Aliitazama hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hii filme inadanganya," akasema.

Nikamwagiza Rénovat aandike hilo kwa herufi kubwa.

"Inaonesha nilikubeba mara moja. Apana, patron, nilikubeba mara mbili. Ulirudi kuchukua kofia. Ile mara ya pili, maji ikabeba mashini yangu ya kushona."

Niliitafuta cherehani hiyo kichwani, ukurasa baada ya ukurasa wa kitabu changu, nikakutana na picha zangu kumi na moja. Chanelle naye akainamisha uso. Hata kwenye filamu yake haikuwamo.

Nikapendekeza tuahirishe kikao hadi mwezi ujao. Mama Daphrose akajibu kwamba yeye hana haraka, tangu siku ile hana kazi. Alitaka jambo moja tu: liandikwe kama lilivyokuwa, na mimi nilisome kwa sauti.

Nikaandika: mgongo, kofia, mara mbili, cherehani. Nikasoma. Sauti ilitoka ndogo sana, na Rénovat, kwa mara ya kwanza tangu nimwajiri, akaniomba nirudie.