Wakulima Mia Nne na Kumi na Wawili Waliopanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpokea Mgeni Rasmi. Bwana Shamba wetu mchapakazi. Wazee wetu, kina mama, na ninyi wakulima wadogo ambao baada ya hotuba hii mtakuwa wakulima wakubwa: hamjambo? (Hatujambo.) Sijasikia! (Hatujambo!)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa kutoa taarifa jumuishi, shirikishi na endelevu kuhusu Mradi wa Mageuzi ya Upandaji kwa Mashine, mradi ambao mimi, na sisemi hivi kwa kujisifu ila kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza kunisifu, niliubuni, nikaufanyia semina nne, warsha sita na upembuzi yakinifu, na ambao chini yake, kwa mujibu wa takwimu zilizomo kwenye faili hili, hadi leo wakulima mia nne na kumi na wawili wa hapa kwenu wamepanda mashine. (Makofi machache. Sauti ya mwanamume: "Tulipanda juu yake tukapigwa picha!") Kupanda ni kupanda, ndugu yangu! Fomu ina safu moja tu, imeandikwa "waliopanda", nawe ulipanda, tena mara mbili, nimekuona kwenye picha umeshika usukani. (Vicheko.)

(Mwanamke anasimama: "Mheshimiwa, uliniambia niweke jembe chini nisubiri hiyo mashine ije shambani. Mvua ya kwanza imeshapita, mbegu bado ziko kwenye debe. Nina watoto watano. Tutakula nini?")

Swali zuri sana, mama, nimelipokea kwa mikono miwili, na tutaliundia kamati, na kamati itazaa kamati ndogo, kwa sababu masuala ya teknolojia hayataki kukurupuka. (Sauti: "Mashine iko wapi?") Iko kwenye mchakato! Nikisema "Teknolojia!" mnaitikia "Mkombozi!" Teknolojia! Itikieni! Teknolojia! (Bwana Shamba, peke yake: "Mkombozi.")

Kwa kumalizia, nimshukuru kwa dhati mkandarasi wa barabara, aliyekubali tuipake rangi ya kijani ile mashine yake ya kushindilia lami, tukaizindua kwa saa mbili, naye akaichukua siku ileile, maana ofisi yetu haijawahi kuwa na mashine ya kupandia mbegu, na kusema kweli hata sijui inafananaje.

(Yule mama anajifunga kanga kiunoni: "Jamani, mimi nakwenda kulima. Udongo bado una unyevu. Nani atanisaidia?" Watu wanainuka, viti vinaanguka.)

Mnakwenda wapi? Jamani, sijamaliza shukrani! Wote? Hata Mwenyekiti? Bwana Shamba, usikimbie, wewe andika kwanza: "Mara baada ya hotuba ya Mheshimiwa, wakulima wote walikimbilia mashambani."