Fulana Elfu Moja za Gavana

Jumatatu, 22 Aprili
Kilio cha marehemu mbunge Kapya, kule mtaani Kenya. Miaka mitatu wabunge wenzake walimtukana. Leo wote wanamlilia, uso wake vifuani mwao, ndani ya fremu nyeusi, kwenye fulana nyeupe. Na mimi gavana, niliye hai, nawapigia magoti! Ijumaa wabunge haohao wa jimbo wanachagua gavana na kiti changu kinayumba. Wivu umenishika, sikatai. Ila nimepata wazo.

Jumanne, 23 Aprili
Kwa Edouard, mchapaji wa fulana za vilio. Nimeagiza elfu moja. Uso wangu, fremu nyeusi ileile, maana inanipendeza. Akauliza aandike tarehe gani. Nikasema ya kura, Ijumaa. Tarehe yangu ya kuzaliwa akaitanguliza mwenyewe, kwa mazoea. Hakunitazama usoni. Fundi mwenye haya.

Jumatano, 24 Aprili
Fulana zimegawiwa. Kufika mchana, viti vya plastiki vimejaa mbele ya nyumba yangu na moto umewashwa uani. Sijawahi kupata umati kama huu! Nimetoka kusalimu. Mikono ikanipita, ikaenda kwa kaka yangu. Mke wangu Virginie wamemkalisha kwenye godoro chini, kati ya wanawake. Nimemwambia ainuke. Akawaambia wenzake kwamba sauti yangu bado anaisikia.

Alhamisi, 25 Aprili
Wabunge wote wamekuja. Hata Chisanga, mpinzani wangu, amelia hadi akashikiliwa. "Alikuwa muntu muzuri," amesema, "mwengine kama yeye hatutapata." Nimesimama kando yake nikiandika majina ya walioitikia. Wote! Kura zangu hizo.

Ijumaa, 26 Aprili
Dereva ameondoka bila mimi. Nimekwenda bungeni kwa miguu. Mlinzi hakuniuliza hata jina. Wabunge wamesimama kimya dakika nzima kwa heshima yangu. Nimefurahi mno. Kisha wakapiga kura. Chisanga zote, mimi sifuri. Nikapaza sauti, mbona jana mlinisifu? Katibu akainuka kufunga dirisha. "Mupepo iko mukali leo," akasema.

Jumamosi, 27 Aprili
Sahani yangu haikuwekwa mezani. Nimeogopa, nakiri. Lakini kosa nimeliona: fulana elfu moja zilikuwa chache. Nimerudi kwa Edouard kuagiza elfu tano za uchaguzi ujao. Hakuinua kichwa. Basi nangoja zamu yangu. Benchini tuko wawili tu, mimi na mbunge Kapya. Nimemwomba kura yake.