Nauza Maksai Mmoja, Nabaki na Mmoja

Jumatatu, 4 Novemba

Kikao cha idara. Mshereheshaji kamtaja Dokta Method mara nne. Nimehesabu. Mimi nimetajwa mara moja, ndani ya "na wenzake". Na wenzake! Tuliripoti kazini Bariadi wiki moja, tunatumia printa moja, na aliyemfundisha kuiwasha ni mimi. Soda yake imefunguliwa ya kwanza. Nimekasirika mpaka sambusa nimeiacha mezani.

Nimeamua kusoma PhD. Ila mimi si mtu wa kukurupuka. Lazima kwanza nifanye utafiti kama ina faida. Nimetengeneza dodoso la maswali matatu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimegawa madodoso. Honorata, mke wangu, kajaza hapana zote tatu bila kusoma. Kwenye "maoni mengine" kaandika bawaba ya mlango wa jikoni. Bosi wangu, Mama Felisita, kasema cheo hakitapanda na idara haina bajeti. Hapana. Gabriel wa masjala kauliza kama kujaza kuna posho. Alipojua haipo, hapana.

Nimemeza hasira, nikampa Method. Kasema PhD ilimchukua miaka saba, mshahara ni uleule, na watoto wake walimzoea kama mgeni. "Usiende, Kosta," kaniambia. "Mimi niliendelea kwa sababu niliona aibu kuacha."

Roho mbaya ya wazi! Ameshiba, sasa anatuambia chakula hakina chumvi.

Matokeo: hapana nne, ndiyo sifuri. Sampuli ni ndogo mno. Nimejaza mwenyewe madodoso mengine matano, kwa kalamu tofauti. Ndiyo tano. Utafiti umesema.

Jumatano, 6 Novemba

Ada. Nimewaza siku nzima kazini, mlango nimeufunga. Nimepata! Tuna maksai wawili kijijini Sapiwi, kwa baba mdogo Limbu. Waziri na Katibu. Ndio wanaolima shamba la Honorata, na mahindi ya shamba hilo ndiyo tunayokula mwaka mzima. Mjinga angeuza wote. Mimi nauza mmoja, nabaki na mmoja. Shamba litalimwa, polepole kidogo tu. Sijamwambia Honorata. Atafurahi baadaye.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefika Sapiwi asubuhi. Baba mdogo hayupo, bahati nzuri. Nimemswaga Waziri mpaka mnadani. Dalali kamsifu meno na mabega. Kauzwa kabla ya saa sita, mnunuzi sikumwona. Ada ya maombi nimelipa kwa simu palepale, nimesimama kwenye mavi ya ng'ombe. Najisikia msomi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua! Mvua ya kwanza, kubwa, ya kupandia. Saa nne baba mdogo kapiga simu. Hata salamu ya "mwangaluka" hajanipa. Kasema Katibu amefungwa na maksai wa jirani, kapiga hatua tatu, kalala kwenye mfereji na plau yake. Amezoea kushoto, na kulia kwake amemzoea Waziri tangu wakiwa ndama.

"Umesoma mpaka huko," kasema, "hukuona kwamba nira ina shingo mbili?"

Kakata simu. Baba mdogo hana shukrani. Nani aliyemnunulia hiyo nira?

Honorata kajua kabla ya chakula cha mchana. Hakugomba. Kachukua jembe la mkono, kamwita binti yetu Winnie, wameondoka kwenda Sapiwi. Afadhali angegomba. Jioni nimekula mkate.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimewafuata shambani. Jirani zetu wote wanalima kwa plau, shamba letu lina mistari sita ya jembe la mkono, iliyopinda. Viganja vya Honorata vimechubuka. Nimeona aibu, nikakasirika kwa sababu nimeona aibu. Nikachukua jembe. Nimelima mstari mmoja, nao umepinda kuliko yote.

Kisha nikamwona Waziri anakuja njiani. Nyuma yake, buti za mvua, fimbo mkononi, Dokta Method! Ndiye mnunuzi. Kasema mnadani hakujua ni ng'ombe wangu, kaambiwa jana. Kasema atamwacha kwa baba mdogo msimu wote bure, shamba letu liishe, lake litafuata. Nimemwambia hatuhitaji huruma ya mtu. Hakuna aliyenisikiliza. Katibu alipomwona mwenzake kainuka mwenyewe. Wamefungwa, na Method kashika plau kwa mikono yake miwili mpaka jua likazama. Mistari imenyooka.

Honorata kamnawisha mikono. "Asante sana, Dokta," kamwambia, machozi yanamlenga. Mimi miaka kumi na tisa ananiita "we Baba Winnie".

Wakati tunarudi kaniomba jambo moja tu, kwa sauti ya chini: Katibu nisimguse.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimekaa na madodoso yangu na hasira yangu. Nani kalima shamba? Dokta. Nani kashukuriwa mbele ya mtoto wangu? Dokta. Halafu wananiambia PhD haina faida! Nimefuta hapana ya Honorata, nimeandika ndiyo. Ya Method pia.

Imebaki ada ya usajili. Na yule Waziri si wetu tena, kwa hiyo Katibu, ukiangalia kitaalamu, ni maksai mmoja asiye na kazi. Mnada ni Alhamisi.