Ombi la Kuzuia Salamu Darasani Kwangu

Ndugu Mkuu wa Kituo,

Natumaini hujambo. Naomba usinijibu hilo, kwa kuwa salamu ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mimi ndiye yule msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji uliyempa darasa la jioni la wageni wanaojifunza Kiswahili, chumba cha juu, karibu na stoo ya viti vibovu. Nilikuwa sijawahi kumfundisha hata kasuku. Ukanishauri nianze na salamu kwa kuwa ni nyepesi. Yaliyonikuta ni haya:

1. Niliwaambia kwamba kwetu mtu haanzi shughuli kabla ya kujuliana hali. Nilidhani wataandika na kusahau kama wanafunzi wengine. Hawa wameshika. Kila anayeingia anampa mkono kila aliyeketi: habari za kazi, za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Wa mwisho akimaliza, mlinzi anakuja kuzima taa, naye anasalimiwa. Kitabu chako kizuri tungali ukurasa wa kwanza.

2. Niliwafundisha pia kwamba jibu ni "nzuri" hata kama paa limeezuliwa, halafu ndipo mtu anasema "ila" na kutoa lake la moyoni. Kumbe najitia kitanzi. Nikiulizwa habari za nyumbani nikajibu nzuri, darasa zima linanyamaza, macho kwangu, likisubiri ila yangu. Nilivumilia, nikakohoa, nikafuta ubao uliokuwa safi. Mwishowe nikasema nzuri, ila mke wangu yuko kwa dada yake na simu zangu hapokei.

3. Wakataka sababu. Kwa kuwa kuuliza ndilo lilikuwa somo, sikuwa na pa kukimbilia. Nikaeleza kwamba kazi yangu ni kusahihisha, na nikifika nyumbani naweza kuanza na chumvi ya mchuzi, nikaenda kwenye pazia lililokaa upande, nikamalizia na namna mama watoto anavyosimulia habari zake. Daktari wa meno, ambaye bado hawezi kuagiza chai kwa Kiswahili, akaniuliza kama kabla ya chumvi huwa nasalimia. Niliwapa mapumziko.

4. Tangu hapo fundi wa lifti ameliteka darasa. Anashikilia kwamba niende kwa shemeji, nisiende kumchukua mtu, niende kusalimia tu. Wananifanyisha mazoezi. Yeye, na ndevu zake zote, anakaa kwenye kiti changu na kuwa mke wangu, mimi nabisha hodi. Nikikosea narudishwa nje. Juzi nilirudishwa kwa sababu niliuliza habari huku naangalia dirisha. Ndugu Mkuu, mtu mzima mimi, nimesimama ukumbini nasubiri kuitwa na watu ambao vitenzi hawajaviona.

Kwa hiyo naomba mlinzi asimame mlangoni, waingie kimya kama wanaoingia benki. Neno "ila" liondolewe katika masomo. Ikishindikana, darasa lifungwe, nirudi kwenye karatasi zangu, ambazo ukizisahihisha hazihami nyumba. Maana nikiendelea nao, Jumamosi nitajikuta kweli kwa shemeji. Na nikifungiwa mlango, Jumatatu nitawaambia nini hawa watu? Naogopa, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nisalimie mhasibu, mama wa usafi na wote wa nyumbani kwako, kwa kifupi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Chumba cha Juu

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kutumwa kwa sababu Jumamosi nilienda. Nilimuuliza mke wangu habari zake, akasema nzuri, nami nikanyamaza. Ila zake zilitufikisha jioni, na sikusahihisha hata moja. Tumerudi pamoja. Ameisoma barua hii, anasema ina makosa, nimeyaacha. Mlinzi abaki alipo. Tafadhali tutolee stoo kiti kimoja chenye nafuu, kwani Jumatatu mke wangu anakuja kuwasalimia wanafunzi wangu, mmoja mmoja, na ukurasa wa pili usiuulizie.