Maoni Yangu Juu ya Upande wa Kwanza

Leo nimeadhirika.

Sisemi nimeona haya, wala sisemi nimetahayari. Maneno hayo mawili nimeyapima njia nzima kutoka Ngamiani mpaka hapa Mabawa, nikikokota baiskeli ambayo ningeweza kuipanda, na nimeona hayatoshi. Nimeadhirika, mchana kweupe, mbele ya wanawake tisa ambao sikumwona hata mmoja. (Hilo la kutowaona litaelezeka. Nipeni nafasi.)

Jamaa zangu wa bweni huko Ulaya, barua hii naiandika kabla sijalala. Naomba muisome ninyi watatu tu, na mlango muufunge.

Mnalikumbuka jalada la santuri nne mlilonipa siku ya kupanda meli. Wale vijana wenye magitaa ya umeme, ambao mlisema wamechoka kuchezesha watu, wakaichukua rokenroli wakaipunguza mwendo mpaka hapana awezaye kuicheza. Melini hapakuwa na gramafoni. Mombasa nilipita mbio. Pale Horohoro askari wa forodha alizitoa moja moja, akazitazama juani, akanirudishia: "Haya, pita na sahani zako." Kwa hiyo hadi leo asubuhi nilikuwa nimekaa nazo wiki sita bila kusikia hata mkwaruzo.

Maoni, hata hivyo, nilikwisha kuwa nayo. Mnanijua. Yule bwana anayepiga kinanda kwa viganja, tuliyemsikiliza bwenini, nilimwandikia kurasa nne, nikasema ni jasiri asiyejua pa kuishia. Ile santuri ya filimbi mbili zinazogombana niliusifu upande wa kwanza, nikaulaumu wa pili kwa sababu zilipatana. Hii ya magitaa niliitengea kurasa kumi tupu katika daftari langu, na juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika kabisa: "Kazi ya ndoto."

Sasa jueni nilichokuwa nikikitafuta. Mwalimu wangu amenipa masharti: ama kikundi cha wanawake waimbaji kinikubalie niandike nyimbo zao mwaka mzima, ama niuache muziki nikaandike tasnifu juu ya katani. "Katani ina takwimu," alisema. Sina ugomvi na katani. Lakini haiimbi. Barua ya ruhusa ilitakiwa iwe na sahihi ya Bi Hamisa, kiongozi wa kikundi cha Ngamiani, na iondoke na meli ya kesho.

Shangazi yangu, Bi Mwanamkuu, ninayekaa kwake, ni mwimbaji katika kikundi hicho. Ndiye aliyeniombea. Jana alirudi na jibu.

"Bi Hamisa anasema, kama ulichokwenda kusomea ni kusikiliza, basi njoo usikilize. Ulete hizo sahani zako za Kizungu, zipigwe, useme unasikia nini. Akiona una sikio atatia sahihi."

"Na asipoona?"

"Utakula wali, utarudi."

Basi leo baada ya sala ya adhuhuri nikaenda, kanzu imepigwa pasi, kalamu imejazwa wino, jalada limefungwa kwa kamba na fundo langu mwenyewe. Kwa Bi Hamisa mwanamume haingii wanamokaa waimbaji. Nilitandikiwa mkeka barazani, mgongo kwenye ukuta, na kando yangu mlango wenye pazia zito la maua. Gramafoni ilikuwa ndani. Wao pia walikuwa ndani. Nje nilikuwa mimi na elimu yangu.

"Shikamoo, Bibi," nilisema kuliambia pazia.

"Marahaba, mwanangu," likajibu, kwa sauti nyembamba, tamu, ya mtu aliyeimba maisha yake yote. "Umekula?"

"Nimekula, Bibi."

"Utakula tena."

Shangazi akatoa mkono nje ya pazia, akalichukua jalada. "Kaa kitako, baba. Tukiweka utasikia."

Sentensi hiyo nimeichambua jioni nzima. Tukiweka, utasikia. Haina kosa lolote. Kosa nililitia mimi.

Joto, jamaa zangu, mmelisahau. Ni lile la saa nane mchana, ambalo haliunguzi bali linabembeleza. Mtaa mzima ulikuwa umelegea. Baiskeli moja ilipita, kengele yake ikalia kama imetoka mji mwingine. Pazia lilivuta pumzi, likatoa. Sijui nilingoja muda gani. Dakika zilikuwa zimeyeyuka zikashikana.

Kisha ikaanza.

Kwanza ulikuja mlio mwororo, shwaaa, ukasita, shwaaa tena, kama maji yanayofika mchangani na kusahau kurudi. Nikatabasamu. "Wameanza na bahari," nikaandika, "kabla hawajaanza na muziki. Uamuzi wa busara."

Juu ya maji hayo ukaingia mkwaruzo. Kru, kru, kru. Mkavu, wa haraka, wenye subira ndani yake. Nikaandika: "Mpigaji anakwaruza nyuzi kwa kipande cha chuma. Mlio unafanana ajabu na wa mbuzi ya nazi. Kijana wa Ulaya ameujuaje?" Nikapigia mstari. Moyo ulinienda mbio, kwa kuwa hiyo ndiyo hoja yangu yote: kwamba muziki mpya wa huko na uimbaji wa huku hukutana mahali fulani, chini kabisa, ambako hakuna aliyepata kukuchora katika ramani!

(Mtauliza: mtoto wa Tanga, aliyelelewa kwa wali wa nazi, hakushtuka? Alishtuka. Kisha akakitafutia kile alichoshtukia nadharia.)

Ndipo likaingia gitaa zito.

Sijui niwaelezeje. Lilitoka chini, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Likapanda, likafika juu, likatetemeka kana kwamba litasema neno, likasita. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha likajiachia kwa mluzi mdogo, mwembamba, likaanza tena. Nilifumba macho. Niliona nyumba iliyojaa maji hadi darini, na watu wakitembea ndani yake polepole, wakisalimiana bila sauti, kanga zao zikielea. Nilikuwa na furaha kubwa. Naungama kwamba machozi yalinilengalenga.

Niliandika kurasa tatu na nusu. Laiti ningeishia kuandika.

"Mabibi," nikasema kwa sauti, "niwieni radhi kuwakatiza, lakini mnalisikia hilo gitaa?"

Shwaaa ikakoma.

"Gitaa lipi, kaka?" Aliyeuliza alikuwa Zuhura, ambaye Shangazi huniambia ndiye ulimi wa kikundi.

"Hilo zito. La chini."

"Aaa," akasema Zuhura. "Hilo. Tunalisikia. Hilo tunalisikia kila siku."

Kila siku! Nikawaheshimu zaidi. Nikaona nimekutana na wasikilizaji waliokomaa.

"Basi mtakubaliana nami," nikaendelea (sikuwa nimeulizwa), "kwamba mpigaji huyu hana haraka ya kumpendeza mtu. Amechoshwa na ulimwengu, lakini hana kinyongo nao."

"Kinyongo anacho kidogo," ikasema sauti nyingine, na mtu akakohoa.

"Na sikilizeni mkwaruzo ulivyonyamaza ili kumpisha! Huo ndio ustadi!" (Mkwaruzo ulinyamaza, nimekuja kuambiwa, kwa sababu aliyekuwa akikuna nazi alikuwa amejaza kanga mdomoni.)

"Eti kaka," Zuhura akasema, sauti yake ikipandapanda, "na huo mluzi wa mwishoni, unausemaje?"

"Mluzi ndio roho ya kazi yote. Bila mluzi ingekuwa kelele. Ningeomba kipande hicho kirudiwe."

"Hakina haja ya kuombwa, kaka. Subiri tu."

Nikasubiri. Kikarudia. "Ndiyo!" nikajipiga paja. "Hasa! Sawasawa kama kwanza, lakini kwa huzuni zaidi!"

Wakati huohuo nikamwona Shangazi akija. Si kutoka ndani. Kutoka barabarani, buibui limejaa vumbi, anahema. Mkononi ameshika kikopo kidogo cha bati. Kwapani amebana jalada la santuri.

"Niwie radhi, baba, nimekuchelewesha. Sindano za gramafoni zimewaishia, nikatokea mlango wa uani kuzitafuta, nimezunguka Ngamiani nzima. Sahani zako sikuthubutu kuziacha, zisije zikakaliwa. Haya, tuziweke sasa?"

Nikaitazama kamba. Nikalitazama fundo. Lilikuwa langu, halijaguswa.

Ndani, gitaa zito likapanda, likatetemeka, likasita. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Likapiga mluzi.

"Shangazi," nikauliza kwa sauti ndogo sana, "Bi Hamisa yuko wapi?"

"Si yuko hapo nyuma ya pazia, amejinyoosha? Akishakula mchana hawezi kukaa macho. Kwani husikii?"

Nilikuwa nimesikia. Kurasa tatu na nusu.

Kicheko kilichotoka ndani sijawahi kukisikia katika santuri yoyote. Ungo ulianguka. Mchele ulimwagika, nao nikautambua, maana ulilia kama bahari yangu. Mtu alikuwa akisema, "Mbavu zangu, jamani, mbavu zangu," na mwingine akilia kabisa. Katikati ya hayo gitaa likakatika ghafla.

"Kuna nini?" ikauliza ile sauti nyembamba, tamu. "Santuri imekwisha?"

"Haijaanza, Bibi," akajibu Zuhura. "Lakini mgeni ameshaisifu."

"Ameisifuje na haijaanza?"

Niliinuka. Nilitafuta kiatu cha kushoto. Katani nikaiona mbele yangu, mistari kwa mistari, mpaka upeo wa macho, pamoja na takwimu zake zote.

"Mwanangu," Bi Hamisa akaita. "Umeandika?"

"Kidogo, Bibi."

"Soma."

"Bibi, ni mambo ya kitaalamu..."

"Nimekwambia soma."

Nikasoma. Ningefanyaje? Nilisimama barazani kwa Bi Hamisa, kiatu kimoja mguuni, nikalisomea pazia namna sauti yake inavyotoka chini kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nilisoma juu ya kuchoshwa na ulimwengu. Nilisoma juu ya nyumba iliyojaa maji. Mluzi nilitaka kuuruka, lakini Zuhura akanikumbusha: "Na roho ya kazi, kaka, usiisahau." Nikasoma mluzi. Wapita njia wawili walisimamisha baiskeli zao wakasikiliza hadi mwisho, na mmoja akauliza kama ni hotuba.

Ndani hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wakingoja. Wanawake wanane walikuwa wakimwangalia mmoja, na mimi nikiwaangalia maua ya pazia.

"Hapo uliposema inasita," Bi Hamisa akasema mwishowe. "Inasita kiasi gani?"

"Hesabu ya nne, Bibi. Kila mara. Haikukosea hata mara moja."

"Haikukosea?"

"Hata mara moja."

Kisha akasema, na sikuweza kujua kama alikuwa akiniambia mimi: "Marehemu mume wangu alilala kando yangu miaka ishirini. Alisema ni kama gari la moshi." Nikasikia bangili zikigongana. "Lete hiyo karatasi yako nitie sahihi."

Karatasi ikaingia chini ya pazia. Ikatoka ina sahihi. Nimeibusu, sitaki kuficha.

Santuri nazo tulizisikiliza baadaye, maana sindano zilikuwa zimeshapatikana. Maoni yangu ni mafupi: vijana wanajitahidi, lakini gitaa lao zito halina pumzi, na hakuna anayesita kwa hesabu. Bi Hamisa alisikiliza upande mmoja wote akiwa macho, akasema, "Hawa wana njaa," na nimeiandika hukumu hiyo kama ilivyo kwa kuwa sina ya kuishinda.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nakunja daftari.

"Unakwenda wapi, kaka?" Zuhura akauliza. "Si umepata ruhusa ya kuandika nyimbo zetu? Kaa uandike. Ya kwanza tunaitunga sasa hivi."

Mmeishi mbali na pwani, kwa hiyo niwaeleze. Vikundi hivi havitungi juu ya maua tu. Mtu akifanya jambo mjini, jambo hilo hutiwa beti, huchezewa, na kwenye harusi ya kwanza inayofuata huimbwa mbele ya watu wote, jina halitajwi, na kila mtu hugeuza shingo kumtazama mwenyewe. Harusi inayofuata ni Jumamosi. Ni hapa Mabawa, nyumba ya tatu kutoka kwa Shangazi.

Nikakaa. Nikafungua ukurasa mpya. Zuhura akatoa mstari, wengine wakaupokea, na mimi, mtafiti, nikaandika kwa mwandiko safi kila neno la wimbo wa msomi aliyekuja na sikio la Ulaya akauposa usingizi wa ajuza. Una beti saba. Kiitikio ni mluzi. Bi Hamisa mwenyewe anaupiga, baada ya kusita kwa hesabu ya nne, na kwa uaminifu wa kitaalamu sina budi kusema ni kiitikio kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Kwenye ubeti wa tano kasi ilinizidi, nikalazimika kusema, "Naomba mstari huo urudiwe." Waliurudia. Mara tatu, na kwa hiari yao.

Barua ya ruhusa inaondoka na meli ya kesho pamoja na hii. Tasnifu itakapokamilika mtaiona kabla ya mwalimu, na nawasihi kwa urafiki wetu wimbo namba moja muuruke. Kama ni kucheka, chekeni sasa hivi, mkiwa mbali, mmalize kabisa. Mimi Jumamosi nimealikwa, na Shangazi amenitafutia kiti cha mbele.