Gari Ambalo Mama Mkwe Ataliona Kwanza

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamua. Nanunua gari! Jumamosi mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho, na atakayempeleka hospitali ni mimi, kwa gari langu. Nimetangaza mbele ya ukoo mzima wa mke wangu. Jumapili bandeji itatoka, na kitu cha kwanza atakachokiona mama yule baada ya miaka ya ukungu ni gari la mkwe wake likimetameta. Atalia. Nami nitalia kidogo, kwa heshima.

Mke wangu kasema fedha ni zetu wote wawili, kwa hiyo nisitie mguu kwenye yadi ya magari bila kaka yake, shemeji fundi magari. Ana pikapu ya kutu inayokohoa kama mvuta tumbaku, na eti ndiye mshauri! Nimemjibu kwamba nimeshona makochi ya wakubwa na kukaa na wauzaji wa kila namna. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Gunia lenyewe najua lilivyoshonwa.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kaja karakanani bila kualikwa. Kaketi kwenye kochi la mteja na ovaroli yake ya grisi! Kasema wauza magari si wa kuaminiwa hata wakikuapia. Nikifika tu, hata kabla ya salamu, niguse boneti. Kama ni ya moto... Nikamkata kauli hapo hapo. Nimeelewa, shemeji. Mwenye macho haambiwi tazama. Kaondoka akitikisa kichwa. Kaacha doa.

Jumatano, 5 Juni
Yadini. Muuzaji nimempa jina Bwana Tai, kwa ajili ya ile tai nyekundu inayomfika kwenye mkanda. Nilivaa suruali ya viraka ili anidhanie fukara, bei ishuke. Akaniita bosi kabla sijamaliza kupita geti. Anajua kusoma watu!

Kanionyesha gari la bluu. Nikagusa boneti. Ya moto kama pasi! Moyo ukaruka. Gari lenye uhai, lenye damu mwilini. Kisha nikakagua lililo muhimu, yaani viti. Mshono maradufu, sponji haijabonyea. Aliyetunza viti hivi atakosaje kutunza injini? Likawashwa, likanguruma mara moja. Na Bwana Tai, bila kuulizwa, kanitajia kasoro: taa ya ndani haiwaki. Mwongo gani anataja kasoro zake? Nikapigania bei mpaka akashusha pumzi, akasema haya bosi, leo wanangu watalalia maji. Nikaona aibu. Nikamrudishia nusu ya punguzo. Mimi si mnyama.

Ijumaa, 7 Juni
Bwana Tai kalileta gari mwenyewe, kwa mkono wake. Mke wangu kalizunguka, kauliza kama kaka kaliona. Nikamwambia limepita mtihani wa boneti. Nimelipaka nta mpaka nikajiona ndani yake. Tunapendeza wote wawili.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi ya baridi. Mama mkwe kiti cha mbele, gauni la kutokea. Kapapasa kiti, kasifu: laini, mkwe wangu. Nikageuza ufunguo. Kimya. Tena. Sauti ya mzee anayetafuta kohozi. Na daktari hangoji mtu. Mama akikosa zamu hii, nyingine haijulikani lini! Mke wangu akampigia simu kaka yake. Pikapu ikaja ikikohoa. Mama mkwe akahamishwa. Mimi nilikataa gari langu libaki, kwa hiyo lilifungwa kamba, nikashika usukani nyuma yao. Majirani nikawapungia mkono. Kwa mbali kamba haionekani.

Tuliwahi. Jicho limefanyiwa kazi salama.

Jumapili, 9 Juni
Gari lililala uani hospitalini, asubuhi likagoma vilevile. Bandeji ikatoka. Mama mkwe akaja mlangoni kamshika binti yake, akapepesa. Kaona pikapu, kamba, gari, mimi. Kwa mpangilio huo. Kisha akasema: gari zuri, mkwe wangu, na kamba yake wamekupa kabisa! Alicheka mpaka muuguzi akamwonya asijitoneshe. Nami nikacheka. Mradi anaona.

Shemeji kafunua boneti. Injini imechoka, haiwaki ikiwa baridi, ndiyo maana muuzaji huipasha kabla mteja hajafika. Ukikuta boneti ya moto, kimbia! Nikamlaumu kwa kutonimalizia Jumanne. Kafunga boneti kwa kishindo. Mke wangu kasema akili nyingi huondoa maarifa.

Jumatatu, 10 Juni
Yadini tena, na hasira zangu zote, gari likivutwa. Shemeji nikamwacha nje ya geti, ovaroli yake inatuvunjia heshima. Bwana Tai hakubisha hata kidogo. Kaniomba radhi, kasema tubadilishane, nichukue lile jeupe, niongeze kidogo tu. Muungwana!

Safari hii nina elimu. Nikagusa boneti. Baridi! Baridi kama sakafu ya hospitali! Bwana Tai kasema hata kuliwasha leo haiwezekani, betri imepelekwa kuchajiwa. Nikafurahi zaidi. Gari lisilowashwa halichoki. Na viti ni vya ngozi! Nikaongeza. Akashusha pumzi. Nikaongeza tena.

Nje nimemkuta shemeji ameshafungua kamba, anaikunja. Nimemwambia asiikunje kwanza.