Mshumaa Mnene wa Mboni

Jumamosi, 18 Desemba 1954

Nimerudi likizo jana. Nimekuta msiba. Hajafa mtu. Mboni ana rafiki mwingine.

Anaitwa Yudith. Katoka Muheza na gunia la machungwa, amekuja kukaa kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtaa wetu wote wa Ngamiani unanuka maganda. Mboni, shoga yangu tangu tunacheza mdako, kanipita barazani mdomo umejaa chungwa. Ati, Bibiana, umenenepa shuleni, ningoje nakuja. Sikuiona sura yake tena mpaka magharibi.

Nilitaka kumwita. Sauti ilifika kooni ikarudi ilikotoka. Ndivyo nilivyo. Masista wanatufundisha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mimi nimejua kunyamaza kwa zote mbili.

Jumapili, 19

Padre katangaza. Mkesha wa Noeli kila mtoto aje na mshumaa wa nta uliotengenezwa nyumbani, si wa dukani. Tutaandamana kutoka mlangoni mpaka kwenye pango la Mtoto Yesu. Atakayezimikiwa asilie. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nimepata njia!

Mboni ni Mwislamu, lakini kila mwaka husimama dirishani kutuangalia. Nikitoa mshumaa unaowaka kuliko yote, ataniona mimi. Mtu wa machungwa atasahauliwa.

Baba kaniletea nta ya Handeni. Kalibu ya kumiminia nta ni bua la mpapai, lina tundu zuri. Kilichobaki ni utambi. Kitu kidogo tu.

Jumatatu, 20

Utambi si kitu kidogo.

Baba anafanya kazi kwenye ghala la katani bandarini, kwa hiyo kwetu kila kitu ni katani: kamba ya kuanikia, mkeka wa kufutia miguu, mpaka kitu cha kujisugulia mgongo. Nikasokota utambi wa katani. Nikawasha. Ukatatarika kama ufuta kikaangoni, ukanirushia cheche, ukatoa moshi mweusi, ukafa. Mama akauliza nani anachoma gunia.

Jioni nikachomoa nyuzi pindoni mwa kanga ya mama. Utambi ukawa mwembamba kama sharubu za paka. Ukazama ndani ya nta ungali hai. Mama kaiona kanga. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 21

Kitabu cha Kiingereza cha Sista kinasema utambi ni uzi wa pamba, usukwe, ulowekwe maji ya chumvi. Kina hata picha. Hakisemi uzi wenyewe mtu wa Ngamiani ataupata wapi. Nina lugha mbili na sina utambi hata mmoja.

Nikautoa wa kandili. Ule ni pamba, mpana kama ulimi wa ng'ombe. Uliwaka! Uliwaka kama nyumba inaungua! Mshumaa ukageuka ziwa kabla sijamwita mtu aje aone. Na magharibi kandili haina utambi, baba akajikwaa kwenye kinu. Alisema maneno ambayo sijafundishwa kwa lugha yoyote.

Najua utambi wa kweli uliko. Bibi yake Mboni, Bi Mwatumu, ana mpamba uani, na Mboni husokota tambi za taa juu ya paja lake tangu mdogo. Mkono wake haukosei: mshumaa mwembamba, utambi mwembamba; mshumaa mnene, utambi mnene. Ni kumwomba tu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwao. Nikapiga hodi kimoyomoyo. Hakuna aliyeitikia. Nikarudi.

Jumatano, 22

Mboni kaja mwenyewe! Kakaa barazani. Akauliza kutoka mlango wa kanisa mpaka kwenye pango ni mbali gani, na je, mtu akienda polepole, kwa kuona haya, mshumaa wake utafika? Nikajibu inategemea utambi. Akacheka peke yake, akainuka. Nikasema tufuatane. Akasema wallahi, shoga, leo usije uani kwetu. Leo hapana.

Leo hapana! Mimi! Uani kule ndiko nilikong'olewa jino la kwanza!

Nikachungulia kwenye ua wa makuti. Wamekaa mkekani, yeye na Yudith, sahani ya nta katikati. Mboni anasokota. Yudith anamlisha chungwa kwa sababu mikono ya Mboni imejaa nta. Kama kinda na mama yake! Tambi mbili ziko juu ya ungo, mmoja mwembamba, mmoja mnene. Ule mnene umesukwa kama nywele za bibi harusi. Ni wa Yudith. Hata kipofu angejua.

Alhamisi, 23

Nimefanya jambo.

Alasiri Bi Mwatumu na Mboni waliingia ndani kuswali. Yudith kaenda bombani. Tambi zinakauka juu ya ungo, zimekwisha kuchovywa nta, na utambi ukishachovywa nta haujulikani kabila lake. Nikapenya makutini. Nikauchukua ule mnene, nikaweka wa katani niliokwisha kuuchovya nta, unene ule ule. Kuku mmoja aliniona.

Baadaye nikachungulia tena. Mboni alikuwa akimimina nta kwenye bua nene, taratibu, huku anaisemesha kama mtoto mchanga. Wivu ulinibana hata nikasahau kuwa nimeshinda.

Ule wa wizi nimeutia kwenye mshumaa wangu. Ila nta yangu nimeimaliza kwa majaribio, mshumaa umetoka mwembamba. Utambi mnene, mshumaa mwembamba. Unatoa moshi kama treni ya Korogwe.

Ijumaa, 24

Asubuhi, kuungama. Nikamweleza Padre dhambi zote za Yudith. Padre akasema hizo atazisikia kwa Yudith, nitaje zangu. Nikataja wivu, kidogo. Na kanga. Utambi sikuutaja. Ulikuwa haujawashwa, kwa hiyo haujawa dhambi.

Jioni nimekwisha kuvaa gauni, Mboni huyo, na Yudith nyuma yake. Kaleta kitu kimefungwa kangani. Mshumaa mnene! Akasema haya, shoga, wako huu. Tumeufanya kwa siri, maana wewe hata ukizama huombi mkono. Yudith alikuwa ameshika wake. Ule mwembamba.

Nilitaka kusema. Sauti ilifika kooni. Nikasema asante.

Padre aliponiona na mshumaa mkubwa vile, akaniweka mbele kabisa. Mungu wangu! Ukatatarika. Cheche zikaruka kwenye joho lake. Wazee wakaanza kukohoa, mmoja akauliza kwa sauti kama bandarini kunaungua. Baba akanusa. Akanusa tena. Akanitazama. Katikati ya kanisa ukazimika. Yudith akanipa moto wa wake. Ukazimika. Akanipa tena. Mwisho akanipa mshumaa wake wenyewe, yeye akaenda mikono mitupu, na kila mtu akamsifu.

Kujionyesha tu!

Dirishani Mboni alikuwa analia.

Jumapili, 26

Mboni kaja kuniomba radhi. Macho yamevimba. Ati mkono wake umemwaibisha, ati labda pamba ilikuwa na unyevu, na bibi yake kamwambia kazi ya haraka haina baraka. Nikamshika mkono. Nikamsamehe. Kwa moyo wote! Sikujua kusamehe ni kutamu hivi.

Yudith akasema harufu ile yeye anaijua, ni ya katani. Nikamwambia kwa upole kwamba machungwa yakizidi huharibu pua.

Mboni akapangusa macho. Akasema atanifanyia mwingine, wa sikukuu ya Mamajusi, na safari hii hatakubali aibu. Yeye na Yudith. Uani. Na nisije kuchungulia.

Anasema ni wangu. Hayo ni maneno tu. Mbona lazima Yudith awepo? Halafu nimefikiri. Juzi mnene ulikuwa wangu, mwembamba wa Yudith. Basi kwa zamu safari hii mnene utakuwa wa Yudith. Hata mtoto angeona.

Katani ipo kidogo, nyuma ya mlango. Nta sina, hata ule mshumaa wangu mwembamba umeungua wote, ila kimebaki kipande cha mshumaa alionipa Yudith kanisani. Nimekiyeyusha. Utambi nimekwisha kuuchovya.